Usukani wa Mezani

Yamumbi, Eldoret
Juni 2019

Kaka Lawrence,

Huku mvua ni nyingi na mahindi yamefika magotini. Nimemnunulia Baba usukani wa gemu ya magari. Niliufunga kwenye meza ya sebuleni, nikauunganisha na kompyuta, halafu nikaupunguza nguvu ya kuvuta na kutetemeka usimchoshe mikono. Akakataa.

"Nanzala, lori haliwi jepesi hivi. Rudisha nguvu yake."

Nikarudisha. Sasa gari la kwenye skrini likishika barabara ya vumbi, usukani unatetemeka mpaka vikombe vinalia mezani, naye anatabasamu kama mtu aliye usingizini.

Unajua hajaendesha gari tangu ile Januari ya 2008, ya vurugu za uchaguzi, alipotutoa hapa kwa lori, moshi kila upande, nawe ukabaki ukikimbia nyuma yetu, tusikuone tena. Hatujawahi kuizungumzia.

Jana, katikati ya mashindano, alipunguza mwendo, akageuza gari polepole, akaanza kurudi. Maandishi mekundu yakawaka kwenye skrini. Nikamwambia amekosea njia.

"Sijakosea," akasema. "Narudi kumchukua Lawrence."

Leo asubuhi nimekuta ameweka kiti kingine kushoto kwake. Hataki mtu akikalie.

Ni mimi dada yako,
Nanzala