Vidonge vya Mkwe Wangu Nimevibadilisha

Mshauri mpendwa, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi marahaba, ila nisaidie maana nimejiingiza mahali sijui pa kutokea. Naishi na mwanangu na mkewe, na kwa mkwe huyu Mungu alinipendelea, ni fundi hodari wa kushona makochi na ana ulimi wa asali, shida yake ni pumu na vumbi la sponji, chafya mfululizo, pua haikauki, kifua kinabana, basi daktari akamwongezea kidonge cha kumeza kila jioni, na kweli pua ikakauka na kifua kikafunguka, tukashukuru. Lakini mtu akabadilika! Akawa anagomba na kila kitu hadi birika, usingizini analia, siku moja nikamuuliza chumvi iko wapi akanijibu, "Mama, kwani macho yako yanafanya kazi gani?" Mimi! Mwanangu akaanza kusema atamrudisha kwao, eti hakuoa simba. Nikawaza, nikaona hasira zilikuja na kile kidonge, nikavitoa vyote kwenye kikopo nikajaza vya vitamini vinavyofanana navyo, bila kumwambia mtu. Sasa amerudi kuwa yule yule, anacheka, mumewe amesahau habari ya kumrudisha, ila akipanda ngazi kifua kinapiga filimbi, naye anashangaa mbona dawa imeisha nguvu. Nikivirudisha nyumba itavunjika, nisipovirudisha naogopa. Nifanyeje?

Mama Mkwe Mwenye Hofu

JIBU

Shikamoo mama, maana umenizidi. Umeona vizuri, ukatenda vibaya.

Kwa unavyoieleza, dawa hiyo ni ya zile zinazozuia leukotrieni, kemikali ambazo mwili huzimwaga ukikutana na vumbi, zikavimbisha pua na kubana njia za hewa. Wengi huitumia salama, lakini baadhi huwaletea hasira, ndoto mbaya, hata huzuni nzito. Huenda mkwe wako hakuwa jeuri hata kidogo, ni dawa iliyokuwa ikimvuruga. Na huyo mwanao aliyeona simba, mbona hakumuuliza mkewe analilia nini?

Lakini wewe nani alikupa udaktari? Mtoto wa watu anadhani amekingwa, kumbe anameza vitamini! Pumu haina adabu kwa wakwe, mama.

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, mketishe umweleze. Usivirudishe kimyakimya, wala asianze tena kabla ya kuongea na daktari. Kesho nendeni kliniki wote watatu, mseme hasira, ndoto na kilio bila kuficha; zipo dawa nyingine za pua na kifua. Inhela, ile dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, isiwe mbali naye, kwa sababu kile kidonge hakimwokoi mtu aliyekwisha kubanwa. Akikosa pumzi ya kumaliza sentensi, au akisema amechoka kuishi, msingoje kesho, mkimbizeni hospitali.

Najua unachoogopa. Ndiyo, atakasirika. Mwache akasirike, mama, safari hii hasira itakuwa yake mwenyewe.