Jagi la Kupimia Litupe

Binti yangu,

Maziwa nimechemsha, yako kwenye sufuria. Lile jagi la kupimia litupe, ingawa kila mara nililiosha kwa sabuni.

Asubuhi uliponikuta nalo chooni nikakufokea, "Huna adabu? Hubishi hodi?" Mkosaji ni mimi. Leo siku ya tatu napima mkojo wangu humo na kuandika kwenye daftari, ndivyo daktari alivyotaka. Nashindwa kuuzuia, mwanangu. Suruali zangu nafua mwenyewe si kwa kukuonea huruma, bali kukuficha. Mganga hajigangi: fundi bomba mzima, langu linavuja.

Leo hospitalini wataniingizia mpira mwembamba, wakijaze kibofu maji, waone kinabana vipi na kinaachia wapi. Kisha nikohoe mbele yao, hata nikivuja. Natamani ardhi ipasuke nizame.

Nesi aliniuliza nitasindikizwa na nani. Nikamjibu sina mtu. Ninakula nawe meza moja, nikasema sina mtu! Hilo ndilo linaloniumbua zaidi. Nisamehe.

~~Usinifuate.~~ Kipimo ni saa nane, ghorofa ya pili. Njoo, ukae nje ya mlango tu.

Baba yako