Gari Jeusi Lisilo na Honi

Jumanne, 25 Aprili 1972

Shangazi amegoma tena. Asubuhi nimemfuta vumbi, nimemjaza maji kwenye radieta, nimezungusha ufunguo. Kikohozi kimoja. Basi.

Fundi Melkiadi amefika saa nne kwa baiskeli kutoka Kizuka. Alisema saa mbili. Amefungua kabureta, ametoa uchafu mwekundu, akanitazama kama mimi ndiye niliyeumimina humo. Atamalizia Jumapili. Na kama kawaida yake, ameng'oa kile kipande cheusi kinachogawa moto kwa plagi, anachokiita kidole, akakifunga kwenye leso na kutia mfukoni. Safari hii amechukua na kifungo cha honi. Kinakwama, atakisugua nyumbani kwake.

Naichukia tabia hii. Kazi ikiwa haijaisha, Melkiadi haachi gari zima. Zamani mafundi wengine walikuwa wakimalizia kazi yake ovyo, lawama inamrudia yeye. Siku hizi kila mwenye gari hapa Rumonge anajua: leso ikiingia mfukoni, gari halitembei mpaka fundi arudi. Nimemwambia hata marehemu mume wangu hakuwahi kunifungia kitu. Amecheka.

"Mama Rehema, leso ikiwa kwangu, ujue nitarudi tu."

Harusi ya Mwajuma, binti wa jirani, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Gari lisipowaka nitamla Melkiadi mzima mzima.

Alhamisi, 27 Aprili

Mvua. Nimekaa ndani ya Shangazi nikishona vifungo vya kanzu. Viti vya ngozi vimepasuka lakini bado vinanukia tumbaku ya yule Mzungu mnunuzi wa mawese. Mume wangu Bakari alikuwa dereva wake miaka sita. Uhuru ulipokaribia, Mzungu akaondoka, akamuuzia Bakari gari jeusi lenye macho makubwa na milango inayofunguka kinyumenyume.

Siku ya Uhuru Bakari alitaka kuonekana. Bendera mbele, mimi nyuma na kitenge kipya. Likazimika katikati ya umati. Watu wakalisukuma mpaka msikitini huku wakiimba. Sijawahi kuona aibu na furaha zikikaa kiti kimoja namna ile.

Jina la Shangazi alipewa na watu. Hakosi harusi, na lazima abembelezwe. Tangi lilitoboka, Bakari akaliziba kwa sabuni ya mawese, na sabuni ipo mpaka leo. Bakari mwenyewe hayupo. Alinifundisha kuendesha mwaka mmoja kabla hajafa, wanaume wa mtaa wakasema mengi. Sasa hao hao wanakuja kuniomba gari la binti zao. Bibi harusi wa hapa haingii kwa mumewe mpaka honi ya Shangazi ilie mara tatu mlangoni.

Naipenda kazi hii. Niseme tu.

Jumapili, 30 Aprili

Jana jua likizama, kelele upande wa soko. Watu wenye mapanga. Wameua. Asubuhi hii moshi bado. Sijui nani kaanza wala anataka nini. Kila anayepita ana jibu lake na kila mmoja ananong'ona.

Nimeegemeza kabati mlangoni. Melkiadi hakuja, angekujaje.

Ningependa kukimbilia Bujumbura kwa mwanangu Rehema. Siwezi. Shangazi yuko uani hana kidole. Nimemtukana fundi kwa sauti, peke yangu, mpaka kuku wakakimbia.

Jumatatu, 1 Mei

Malori ya wanajeshi. Barabara ya Bujumbura imefungwa. Unga umebaki kidogo. Nimekula ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakavu bila kitu.

Jumanne, 2 Mei

Nimefanya jambo baya. Naliandika upesi kabla sijaanza kujitetea.

Wanapita nyumba kwa nyumba. Wanatafuta magari na wanaume. Magari wanayachukua. Wanaume pia. Kwangu ameingia ofisa mmoja kijana, viatu safi, na askari wawili. Akauliza kama gari ni langu. Nikasema ni langu. Akaomba ufunguo, akajaribu. Kimya. Akajaribu tena, akatoka na uso mwingine, akasema nimeliharibu makusudi ili jeshi lisilichukue.

Niliogopa. Lakini si woga peke yake. Niliona pia aibu, kwamba mtoto huyu anadhani naweza kuliharibu gari langu mwenyewe. Kiburi tu. Nikajibu haraka: si mimi, ni Fundi Melkiadi wa Kizuka, kaondoka na kipande.

Akatoa karatasi. Akaandika. Akauliza lini. Nikasema Jumanne iliyopita. Akahesabu kwa vidole mbele yangu.

"Mutu anatoa piesi mu gari siku ine mbele ya fujo," alisema. "Huyo alijua."

Nikamweleza habari ya leso. Nikamweleza kwamba ndiyo desturi yake, aulize mtu yeyote. Hakucheka. Rumonge nzima inajua habari ya leso, lakini yeye si wa Rumonge. Kwake ni mtu aliyejua kitakachotokea akazima magari mapema. Alhamisi asubuhi atarudi, na gari liwake. Huyo fundi, akasema, watamfuata wenyewe wakimaliza upande wa soko.

Ulimi hauna mfupa. Melkiadi ana watoto wanne. Mimi ndiye niliyemwandikisha.

Jumatano, 3 Mei

Nimekwenda Kizuka kwa miguu. Naandika nimerudi, nyayo zinawaka moto.

Nilitoka alfajiri na kapu la ndagala kichwani, nikajifanya mchuuzi. Barabarani sikupita. Nilifuata njia za wakata ngazi, yaani mikungu ya chikichi, chini ya michikichi. Vinu vya mawese vyote vimelala, hakuna hata moshi mmoja. Nyumba nyingine milango wazi, hakuna mtu. Sikuchungulia ndani.

Mke wake, Anesi, alinikuta kwenye uzio. Hakutaka kusema alipo. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya kosa langu. Akanitazama sana, halafu akanipeleka nyuma, kwenye shimo wanamochachushia chikichi. Melkiadi alikuwa humo, mafuta mekundu mpaka magotini.

Nilimweleza yote. Sikupunguza. Jina lake nimelitaja mimi, limeandikwa, watakuja. Nilingoja anitukane.

"Nimefanya nini mimi?" aliuliza.

Nikamwambia amefanya kazi yake tu, na aondoke leo, ashuke ziwani, avuke. Alijifuta mafuta mikononi. Kisha akatoa leso na kunipa.

Hapo nikaelewa. Miaka yote hii nimeililia leso hiyo nirudishiwe, na leo nilitamani aendelee kuwa nayo. Leso ikija kwangu, yeye harudi.

Akaanza kunielekeza, kama vile tuko uani kwangu na hakuna vita. Nifungue vibano viwili vya kifuniko. Kidole kina pengo chini, kitafute mahali pake.

"Usikisukume na nguvu, Mama Rehema. Kiache kiingie chenyewe."

Sikuweza kumuaga vizuri. Nilisema tu Mungu akulinde, nikageuka.

Kurudi ndiko kulikonichosha roho. Leso nimeizika chini ya ndagala. Penye daraja askari wawili. Mmoja akatia mkono ndani ya kapu. Akachota samaki, akatia mfukoni, akachota tena. Mkono ukaenda chini zaidi. Nikamwambia wa chini wana mchanga, achukue wa juu. Akanisonya, akachukua wa juu. Nilitembea hatua mia moja nikakaa chini ya mchikichi.

Alhamisi, 4 Mei

Kidole nimekiweka mwenyewe. Mara ya kwanza hakikukaa, nikasukuma, nikajikumbusha, nikaacha. Kikaingia. Kifuniko, vibano, ufunguo. Shangazi amewaka nilipojaribu mara ya pili, sauti tamu kuliko siku zote. Mshenzi huyu. Siku ya kuchukuliwa ndipo haugui.

Ofisa amekuja saa tatu. Nimemwambia nilisema uongo. Kipande kilikuwa kwenye kopo langu la vifungo vya kushonea. Fundi sikumpenda, tuligombana, nikamsingizia. Nimejiita mzee mjinga mbele ya mtoto mwenye viatu safi. Nimemwomba alifute lile jina.

"Mama, leo unasema hivi, juzi ulisema vile. Nisadiki gani?"

Nikasema asadiki gari. Si linanguruma? Kama fundi angekuwa na kipande, lingewakaje?

Alisikiliza injini. Akaitoa karatasi, akaitazama, akaikunja. Sikuona kalamu ikishuka. Nilitaka kuuliza, sikuthubutu kuuliza mara mbili.

Wakaondoka na Shangazi. Yule askari hakujua milango inafunguka kinyume, akaparuza rangi kwenye nguzo ya lango. Nimemwonyesha namna ya kushika klachi. Ndiyo, nimemwonyesha. Sikutaka amvunje.

Uani pamebaki doa la oili. Nalia, na silii gari peke yake.

Jumamosi, 6 Mei

Mwajuma ameolewa saa nne asubuhi. Hakuna ngoma. Amekwenda kwa miguu kwa mumewe, nyumba ya tano kutoka kwao, amejifunika shuka la kawaida. Mlangoni alisimama kidogo, akaniangalia. Mama yake akamsukuma mgongoni taratibu, akaingia.

Jumanne, 9 Mei

Anesi amepita na watoto, wanaelekea kwa kaka yake. Askari walifika Kizuka Ijumaa. Walimwita Melkiadi kwa jina lake na la baba yake.

Kwa hiyo jina halikufutwa. Au lilikuwa kwenye karatasi nyingine. Sitajua.

Hawakumkuta. Aliondoka Jumatano ile ile jioni kuelekea Nyanza-Lac, kusini ufukoni, kulikokuwa na mitumbwi ya kuvusha watu. Watu wanasema mingine imezama. Watu wanasema mingine imepigwa risasi. Anesi hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Nimempa nusu ya unga.

Ijumaa, 19 Mei

Hakuna habari.

Jumapili, 4 Juni

Hakuna. Mafundi wawili wa mjini hawaonekani, na mwalimu, na yule muuza viatu. Hakuna anayeuliza. Daftari hili sasa nalificha ndani ya mto wa kulalia.

Jumamosi, 1 Julai

Miaka kumi ya Uhuru. Nimevaa kitenge kile kile, nikakivua.

Jirani karudi kutoka Bujumbura. Rehema mzima, alhamdulillahi. Na Shangazi ameonekana Kabezi, kando ya barabara ya Bujumbura. Milango hana, magurudumu hana, viti vimechukuliwa. Kuku wa watu wanataga ndani. Aliendeshwa bila maji mpaka akaungua, jirani anasema. Hawakujua kwamba kila ukipita mto lazima usimame umnyweshe.

Nilidhani nitaumia zaidi. Nimeuliza tu kama macho yake bado yapo. Moja lipo.

Jumapili, 20 Agosti

Mama Pili amekuja. Ni yule mwanamke anayekwenda Kigoma kufuata vitenge, kaanza safari tena. Alitandaza vitambaa sebuleni, akasifu rangi, akachungulia nje kuona nani anapita. Halafu akainama kama anapima kitenge kiunoni pangu.

"Kuko mutu moya Kigoma, anatengeneza mashini ya mashua," alisema. "Anasema iko na kifungo cha honi yako mu mufuko. Anasema kazi haiyaisha, usipatie fundi mwingine."

Nilikaa chini juu ya vitambaa vyake vyote.

Kifungo cha honi. Nilikisahau kabisa. Alinipa leso, kifungo akabaki nacho, akasafiri nacho ziwani mpaka Kigoma. Sijui alikikumbuka au alikiacha kwa makusudi. Kwa tabia yake, makusudi.

Nimecheka mpaka Mama Pili akaniziba mdomo. Halafu nikalia, akaniacha. Nimemtuma apeleke habari kwa Anesi kwanza, kabla ya kuuza hata kitambaa kimoja.

Sikumwambia Mama Pili kwamba Shangazi yuko Kabezi na kuku. Jibu langu kwa fundi ni hili: kazi yake ipo, hakuna fundi aliyeigusa, namngoja, na najua atachelewa.

Jioni nimeifua leso yake mara ya tatu. Harufu ya ndagala imetoka. Doa la grisi limebaki.