Dada Yangu wa Manchester Anaishi Uthiru

Jumamosi. Baridi ya Julai, ile inayoingia nyumbani bila kubisha hodi.

Jua halijaonekana hapa mtaani Jamhuri, Nairobi, tangu Jumatano. Nimevaa sweta mbili, soksi za mwanangu na shali ambayo sitaki mteja yeyote anione nayo, mimi ambaye kazi yangu siku hizi ni kuwaambia wanawake wenzangu wavae nini. Chai iko mkononi. Moyo umetulia, lakini umetulia kama mtu aliyetoka kung'olewa jino: maumivu yameisha, ila ulimi unarudi pale pale kupapasa.

Kwa wanaopita kwenye blogu hii mara ya kwanza: nina miaka hamsini na mitatu. Miezi minane iliyopita nilikuwa mkuu wa idara ya mikopo katika benki moja ya katikati ya jiji, ghorofa ya saba, na kiti kinachozunguka. Nikastaafu mapema kwa hiari yangu. Nililala wiki mbili. Nikafuga kuku, wakanishinda, nikampa mdogo wangu Wambui. Kisha wanawake niliofanya kazi nao wakaanza kunipigia simu. Wote ni wa rika langu, na wote wako njia panda. Huyu anaacha uhasibu afungue shule ya chekechea, yule ametoka serikalini anaingia kwenye bodi ya kampuni ya maua. Wamefanikiwa, wanajua wanachotaka, halafu wanasimama mbele ya kabati asubuhi na hawajui wavae nini, kwa sababu kabati lenyewe limejaa suti nyeusi za miaka ya kuogopa bosi.

Basi naenda nyumbani kwa mtu, tunafungua kabati, tunachambua, tunacheka, mara nyingine tunalia kidogo mbele ya sketi isiyopita tena mapajani. Kisha namtafutia nguo tatu au nne zinazomfaa alivyo leo. Mwili wa miaka hamsini hautaki kufichwa, unataka fundi mzuri na rangi yenye uhai karibu na uso. Hayo ndiyo masomo yangu yote, sina cheti kingine. Wambui ameipa kazi hii jina: kuvalisha watu wazima. Anasema watu wengine wakistaafu hupanda parachichi.

Na wote wananipigia kwa sababu moja. Kwa miaka kumi na miwili pale ghorofa ya saba, nilivaa vizuri. Sijisifu bure. Nina mengi ya kujisuta leo, niachieni hili moja. Makoti yangu yalikuwa yananyamazisha lifti. Na kila mtu alijua yanatoka wapi: kwa dada yangu wa Manchester.

Sina dada Manchester.

Nina dada mmoja tu, huyo Wambui, mwalimu wa shule ya msingi, anaishi Uthiru, hapa hapa Nairobi, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mombasa, ambako alirudi akilalamika joto.

Makoti yalitoka Kangemi, kwa Mama Shiko, ambaye ana kibanda cha mitumba pale sokoni. Siku mzigo unapofunguliwa, kabla soko halijaamka vizuri, juu kabisa kuna zile nguo safi, za kitambaa cha maana, ambazo wauzaji wanaziita kamera. Ukichelewa nusu saa zimeenda. Mama Shiko alikuwa ananipigia siku moja kabla: "Madam, kesho saa kumi na mbili nafungua. Na usikuje na ile gari ya benki, watu watasema nimeokota tajiri." Nafika nimejifunga leso kichwani kama mtu anayejificha polisi. Najaza mfuko. Napeleka kwa fundi wangu, kwenye uchochoro nyuma ya Mtaa wa Biashara, anapunguza kiuno, anabadilisha vifungo, na ikifika Jumatatu niko kwenye lifti, nanukia manukato, nasalimia watu kwa kichwa.

Uongo ulianza wiki yangu ya kwanza ya cheo. Mkurugenzi mmoja, mama niliyekuwa namhofia sana, alishika mkono wa koti langu la kijani akauliza nimelitoa wapi. Kulikuwa na wanawake wanne wanasikiliza. Nikasema, dada yangu amenitumia, yuko Manchester. Mdomo ulisema wenyewe. Hata mji huo sijui niliutoa wapi. Nadhani vijana nyumbani walikuwa wamepigia kelele mpira jana yake.

Uongo ukiupa kigoda, utaomba na meza. Ikifika mwaka wa tatu dada yangu alikuwa na mume Mwingereza anayependa kupika supu mbaya. Siku moja Gurpreet wa idara ya sheria aliona ndani ya ukosi wangu kitambaa kidogo kilichoshonwa jina: Pauline. Nadhani ndiye aliyekuwa mwenye koti, huko lilikotoka. Gurpreet akauliza Pauline ni nani. Nikamwambia ni mbunifu wa mavazi, mdogo tu, bado hajulikani sana. Mwaka uliofuata, kwenye foleni ya chakula, nilimsikia mtu akimwambia mwenzake kwamba siku hizi Pauline amepandisha bei.

Nilienda kucheka peke yangu garini.

Sasa, Alhamisi. Gurpreet alinialika chai mjini. Familia yao iko Nairobi tangu enzi za babu wa baba yake, wanauza vifaa vya ujenzi, na yeye ndiye wa kwanza kwao kukataa misumari akasomea sheria. Tulikula chakula cha mchana pamoja miaka kumi. Ana miaka hamsini na mitano, na sasa anaacha uwakili wa benki. Anataka kuwa mpatanishi, akae na familia zinazogombania urithi kabla hazijafika kortini. Ijumaa ijayo anakaa mbele ya jopo. Hajahojiwa kazi tangu awe na miaka ishirini na minane.

"Njeri, nikivaa hii suti yangu nyeusi wataona kama nimekuja kuwashtaki," akaniambia. "Nataka koti kama ile yako ya kijani. Sasa sikia. Mtoto wangu Simran amehamia Manchester mwezi jana, na Jumatano anakuja nyumbani. Nipe tu namba ya dada yako, ataenda achukue kwa Pauline."

Chai yangu ilimwagika kwenye sahani. Nikasema nitamtumia namba.

Jana nikampigia Wambui. Naona haya kuandika hili, lakini sikumpigia kuomba ushauri. Nilitaka akubali kupokea simu. Nilishapanga kila kitu: Simran akipiga, Wambui atasema yuko likizo Uskoti, atarudi mwezi ujao. Wambui alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka nikasikia kuku wangu wa zamani wakitimka nyuma yake.

"Namba yangu inaanza na sifuri saba, Madam. Hiyo ni Manchester gani? Ya Kinoo, hapa jirani?"

"Wambui, nisaidie tu mara moja."

"Na bwana yangu mzungu naye akae wapi? Nimuweke kwa banda?" Alicheka tena, kisha akawa mwalimu. "Dada, wewe kazi yako ni kufungua makabati ya watu. Yako atafungua nani?"

Nikakata simu. Huwezi kubishana na mtu aliyezoea watoto wa darasa la tano.

Nilizunguka nyumba siku nzima. Wateja wangu wote ni watu wa ghorofa ya saba, au marafiki zao. Gurpreet akijua, wote watajua, na nani atamwita nyumbani kwake, amfungulie chumba cha kulala, mtu aliyewadanganya miaka kumi na miwili? Kazi yangu mpya yote imesimama juu ya mwanamke ambaye hayupo. Upande wa pili, ningeweza kumtafutia koti Kangemi, nikalifunga kwenye kifurushi, nikasema dada amelituma kwa posta. Niliwaza hilo kwa makini. Nilifika mahali pa kuwaza nitapata wapi stempu za Kiingereza, ndipo nikajionea huruma.

Leo asubuhi nimeenda kwa Gurpreet, Westlands.

Tulikaa barazani, chai ya masala na bakuli la chevda ya kutafuna katikati yetu. Nikamwambia yote, tangu lifti hadi leso ya kichwani. Nakiri nilikuwa nimeyapanga maneno ili yachekeshe. Ndiyo tabia yangu, nikiogopa natafuta mzaha.

Hakucheka.

"Na Pauline?"

"Hakuna Pauline. Yaani yuko mahali, lakini simjui."

"Na ule mzee wa supu?"

"Hayuko."

Akaweka kikombe chini polepole. Nikaharakisha kusema kwamba nguo za Kangemi ni safi, ni imara kuliko nyingi za madukani. Akainua mkono kunizuia.

"Mtumba sio shida. Mama yangu alitushonea nguo kutoka kwa pazia." Akatazama bustani. "Bwana yangu Harjit alipopata kiharusi, nilikuja ofisi yako nikafunga mlango. Nililia mpaka nikachafua shati yako. Unakumbuka uliniambia nini?"

Nilikumbuka akiwa bado anauliza. Nilimwambia hata mume wa dada yangu alipata kiharusi, na mwaka haukuisha akawa anatembea.

"Nilishika hiyo maneno miaka sita," akasema. "Kila siku nikienda gurdwara kusali nilikuwa naomba nayo. Nasema, kama bwana ya dada ya Njeri alitembea, yangu atatembea."

Ndani ya nyumba fimbo ya Harjit ilikuwa inagonga sakafu. Anatembea, taratibu, kutoka sebuleni hadi jikoni. Tuliisikiliza wote wawili mpaka ikafika.

Nilidhani nimedanganya juu ya makoti.

Nikamwambia pole, anisamehe. Sikuongeza neno, na mnaonijua mnajua kwamba kwangu hiyo ni kazi. Siku ile sikuwa nimekusudia ubaya, nilitaka tu anyamaze kulia na nilikuwa na dada mkononi, nikamtumia. Lakini sikulisema hilo. Lilisikika kama jambo ambalo wakili angelirarua mara moja.

Ndege fulani alikuwa anatembea kwenye ukuta kama karani. Kisha Gurpreet akasimama, nikajua ananisindikiza, na nikaona ndiyo mwisho.

Langoni akashika ukosi wa koti langu, kwa sababu ndiyo, nilikuwa nimevaa lile la kijani, akakisugua kitambaa kwa kidole gumba.

"Ijumaa bado inakuja," akasema. "Koti bado nataka. Huyo mama anafungua lini?"

"Jumanne. Saa kumi na mbili asubuhi."

"Nitakuja mwenyewe. Sasa nataka kuona kwa macho."

"Nitakupitia?"

"Najua Kangemi iko wapi, Njeri." Hakutabasamu. "Na wale wengine utawaambia wewe. Sio mimi. Mimi sitakaa na wao kwa chai nikibeba uongo yako."

Akafunga lango. Alilifunga kistaarabu, lakini alilifunga.

Kwa hivyo wenzangu wa ghorofa ya saba, mnaosoma hapa na kujifanya hamsomi, hii ndiyo habari yenyewe. Hakuna Manchester. Nisameheni. Kuna Mama Shiko wa Kangemi, kuna fundi wangu wa mjini, na kuna macho yangu, ambayo hayo nayatetea. Miadi yangu ya wiki ijayo bado imeandikwa kwenye daftari. Anayetaka kufuta yake afute bila kujieleza, nitaelewa. Nimesoma maandishi haya mara nne nikitafuta mahali pa kuyalainisha. Nimepata kadhaa, na nimeyaacha yalivyo.

Kuhusu Jumanne sijui chochote. Sijui kama atanisalimia, au ataongea na Mama Shiko tu, mimi nikiwa nimesimama pembeni nikishika mifuko. Nimejiuliza jioni nzima unamchaguliaje rangi mtu ambaye ameacha kukuamini, na nimeona humchagulii. Nitafika mapema, nitakaa nyuma, nimwachie achague mwenyewe kutoka juu ya ule mzigo. Akilivaa, akigeuka, akiniuliza limemkaaje, nitamwambia lilivyomkaa.