Kitanda Kilichokataliwa

Maungu, Jumanne usiku

Na hawakukilalia! Kitanda nimekitandika vizuri, halafu mgeni analala nje. Majirani watasema nimewanyima mlango.

Mzee na mkewe, kutoka Nakuru. Gari lao lina kitanda, jiko, hata sinki. Jana jioni walipiga hodi wakaomba kuegesha uani kwangu, eti kambi za watalii wamezichoka.

"Nyumba yetu ndiyo hii, dada," mke akaniambia, akipigapiga mlango wa gari.

Angalau kimanga nilichowapikia, muhogo na maharagwe ya kuponda, walikimaliza.

Asubuhi wakauliza wapi pengine wanaweza kulala, pasipo kambi. Nikasema Mghange, kwetu kule vilimani, kabla sijafikiri. Nikawaelekeza kwa marehemu mama. Pale tulipokuwa tukianika maharagwe ni tambarare, gari litakaa sawa. Nikampigia binamu yangu anayelima pale awapokee.

"Panda twende, nafasi ipo," mke akasema.

Nikamwambia nina kuku. Kuku! Kana kwamba jirani hawezi kuwarushia mahindi. Ukweli ni kwamba naogopa kuiona nyumba ya mama ilivyobomoka. Tangu tumzike sijapanda huko, na vile vilima naviona kila nikianika nguo.

Binamu amepiga simu sasa hivi. Wamefika, wamewasha moto, ukungu umeshuka. Nikamwomba asikate kwanza, nisikie kidogo.

Wageni wamelala kwetu. Mimi nimejilaza kwenye kitanda cha wageni.