Maneno ya Nahodha Onchiri

Nyumbani kwa Mzee Anyona,
Ikonge,
Kaunti ya Nyamira.

16 Novemba 2025

Mpendwa kaka Cleophas,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Minnesota? Shemeji na watoto hawajambo? Nasikia theluji imeanza kuanguka, na natumaini safari hii umenunua koti la maana, hutembei na sweta kama mtu anayekwenda sokoni Nyaramba. Sisi tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini akishafika shambani kwenye chai analisahau. Baba ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kupata barua. Ni kwa sababu nimejiondoa kwenye kile kikundi cha familia kwenye simu, na msijisumbue kunirudisha. Valentine, binti wa jirani yetu, anasafiri kuja huko, kwa hiyo nimempa bahasha hii pamoja na unga wa wimbi.

Kaka, Walinzi wa Zohali wamenichosha. Mimi niliyekipenda kipindi hicho tangu sijui kufunga kamba za viatu! Kwanza wamekihamishia Ijumaa jioni. Jua likitua siku hiyo sisi tumeshaingia Sabato na runinga imefunikwa kitambaa, kwa hiyo tunangoja mpaka Jumamosi tufunge Sabato kwa maombi ndipo tutazame. Lakini Osoro, huyu mwana wa mama mdogo, tangu aoe Mkatoliki kule Nyansiongo na kuhamia kanisani kwao, hana wa kumzuia. Anatazama Ijumaa, na kabla hatujavaa viatu vya kwenda kanisani ameshaandika kwenye kikundi nani amekufa. Jioni anakuja na maziwa yake, anakalia kiti kizuri na kutuambia tungoje tuone. Tuone nini tena?

Na hicho chenyewe kinachoonyeshwa kimeharibika. Meli za angani zinalipuka, kisha zinalipuka nyingine. Mtu anakufa, tunalia, wiki inayofuata amerudi na nywele mpya. Nahodha wa sasa ni kijana aliyekunja uso tangu mwanzo mpaka mwisho, na sijawahi kumsikia akimwambia mtu neno la kubaki nalo. Nikisema hivyo Osoro anaruka. "Nyaboke, hiyo kitu yako ya zamani ilikuwa tu mabati na taa za Krismasi," anasema. "Unaipenda kwa sababu ulikuwa mtoto."

Silaha yangu ilikuwa moja, na wewe unaijua. Ni yale maneno ya Nahodha Onchiri akimuaga mdogo wake anayepanda chombo kidogo kwenda Zohali. Najua jina lake la kweli si Onchiri, Baba ndiye aliyembatiza. Lakini maneno yale nimeyasema mbele ya Osoro mpaka watoto wameyakariri: "Nenda, ndugu yangu. Huko uendako hakuna anayelijua jina la baba yako, kwa hiyo lichukue wewe mwenyewe. Na ukichoka, rudi, hata kama ni mikono mitupu. Nitakutambua kwa hatua zako." Nilikuwa nikimuuliza Osoro, waandishi wa leo wanaweza kuandika hivyo?

Basi wewe ukiwa umekaa huko mbali ukaona utuamue. Ukaandika kwamba maneno hayatoshi, tutazame sehemu ile ya zamani yenyewe, na ukatutumia nywila yako ya mtandao wa vipindi vya zamani. Ukamaliza kwa vile vikatuni vyako vya kucheka. Nilikubali haraka, maana nilijua nitamzima Osoro siku hiyo hiyo.

Jumamosi ile sebule ilijaa. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na runinga, kama zamani. Unakumbuka tulivyokuwa tukitazama kwa betri ya gari, majirani wameketi hadi mlangoni, sauti ya runinga imepunguzwa, na Baba kwenye kiti hicho akitufasiria kwa Kigusii? Alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai, na sisi tuliamini hakuna Kiingereza asichokijua. Hata tuliokuwa tumesoma hatukuwa na haja ya kumsikiliza mzungu, tulimsikiliza yeye.

Natasha wangu, ambaye hawezi kutazama chochote bila maandishi chini ya picha, akayawasha. Sikuona ubaya. Nahodha akatokea, na kweli, kaka, nyuma yake kulikuwa na mabati. Mdogo wake akasimama mbele yake. Nikawaambia watu wanyamaze, nikaanza hata kumtangulia kwa midomo. Nahodha akasema, "Funga vali ya tatu. Usisahau kofia." Mdogo wake akajibu, "Sawa." Chombo kikaondoka.

Tulirudisha nyuma tukidhani tumeruka mahali. Vali ya tatu. Kofia. Sawa.

Osoro alicheka mpaka akapiga mapaja. "Kumbe miaka hii yote umekuwa ukimtetea Mzee!" Natasha naye, bila nia mbaya, akamgeukia babu yake: "Sokoro, kwani ulikuwa unajitungia?" Watu wote wakacheka. Baba hakucheka. Aliinuka polepole, akasema anakwenda kuangalia kama ndama amefungwa. Ndama alikuwa amefungwa tangu jua halijatua, na ni mimi niliyemfunga.

Mlichopata kwenye kikundi ni kwamba Nyaboke ameshindwa. Hakuna aliyekuandikia kwamba tangu siku hiyo Baba haketi nasi. Tukishafunga Sabato anabeba kigoda chake anakwenda jikoni kwa Mama, runinga inanguruma huku, yeye haulizi hata nani amekufa. Zamani ulikuwa humwezi, alichangia maneno hata tulipomwambia sote tunaelewa. Sasa amekuwa mtu wa "sijui" na "labda". Nimemkasirikia Osoro, nimejikasirikia mimi, na usidhani umepona. Wewe na nywila yako mko kwenye orodha.

Nilimlalamikia Mama tukichuma chai. Nikamwambia, sawa, Baba hakujua Kiingereza kingi, lakini kwa nini atunge vitu vikubwa namna ile? Mama akaniangalia kama mtoto asiyejiweza. Akaniuliza kama nakumbuka sehemu ile tuliitazama lini.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla hujapanda ndege, Cleophas. Harambee yako ilikuwa imekwisha, mabegi yako yamesimama ukutani. Mama anasema wiki ile yote Baba alitembea na maneno kooni. Wewe unazijua chinsoni zetu, hiyo miiko ya heshima. Mwana akishatoka jandoni, baba haingii chumbani kwake, hamfungulii moyo, wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Angekuambia wapi? Angekuambia vipi mbele ya majirani wote wale? Ndipo nahodha akafungua mdomo kwenye runinga, na Baba akapata pa kusemea.

Nilikaa chini pale pale kwenye chai nikalia, na Mama akaendelea kuchuma.

Kila Desemba unasema ngoja nijipange kwanza. Nyumba haijaisha, gari ni la mkopo, utakuja ukiwa na kitu mkononi. Tumezoea jibu hilo, na mimi limenichosha kuliko Walinzi wa Zohali. Ulishaambiwa urudi hata mikono mitupu. Uliambiwa kwa sauti, sebule nzima ikisikia, nawe ukadhani ni mambo ya Zohali.

Mama anakusalimu sana. Mama mdogo Nyakerario anauliza kama umenenepa. Masese, shemeji yako, anasema mpira wa huko hauna maana. Osoro pia anakusalimu. Ameleta maziwa mara mbili katikati ya wiki na kuyaacha mlangoni bila kuingia, kwa hiyo nadhani naye imemuuma. Wasalimu shemeji na watoto, na Mungu awafunike kwa mkono wake katika baridi hiyo.

Sasa sikiliza ombi langu. Jumamosi tukishafunga Sabato, piga simu ya Mama, uombe apewe Baba. Usimwombe radhi wala usimshukuru. Usimwambie kwamba umejua, utamfukuza hata jikoni. Muulize tu kama Nahodha Onchiri bado anamngoja mdogo wake. Halafu nyamaza, umwache afasiri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Nyaboke