Swali Langoni mwa Hospitali

Chumbani kwangu, juu ya duka la rangi,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu Kidege,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kumeza dawa nusunusu kama kawaida yako? Sisi tu wazima. Baba magoti yanamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa. Jana aliirekebisha serikali yote akiwa kitandani.

Barua yako imenigusa sana. Mwenzako wa kiwandani amefiwa na mtoto, akakuuliza kwa nini wewe bado unasali, nawe ukababaika, ukageuza maneno kuwa habari za mashine. Tangu hapo usingizi huupati. Pole, mpenzi. Usijichape. Ngoja nikusimulie ya kwangu.

Hapa chuo cha udereva ninamfundisha mama mmoja mjane. Tunamwita Mama Breki, maana hata kuku akiwa ng'ambo ya barabara, yeye anasimama. Juzi alisimama mbele ya lango la hospitali, gari likazima, akaangua kilio. Kumbe humo ndimo alimofia mumewe. Honi za nyuma zilikuwa zinatutukana.

Nikawasha taa za dharura. Yeye ndiye aliyeanza kusema. "Mwalimu, kila siku kabla hatujaondoka unafumba macho. Huwa unaongea na nani?"

 Nusura niseme ni usingizi tu.

"Na Yesu, mama."

"Mume wangu hakuwa mtu wa kanisa. Huyo Yesu wako anamtaka?"

 Mahubiri yote niliyowahi kuyasikia yaliyeyuka. Nikamwambia, "Hilo sijui, sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake. Na mama yangu alipotutoka, ni yeye aliyenishika nisianguke."

Alinitazama weee! Kisha akajifuta kwa upindo wa mtandio. "Basi mwambie na mimi nipo."

Nikaomba macho wazi, maana lori lilikuwa limetukaribia. Tuliposema amina, akaliwasha gari mwenyewe, tukaondoka polepole.

Leo baada ya ibada alinipitia, tukaisoma habari ile ya kaburi tukiwa tumeketi ngazini. Hajasema ameamini, nami sijambana. Ameuliza tu kama Jumatano nitakuwa na nafasi.

Sasa wewe, rudi kwa mwenzako. Mwambie kweli: "Siku ile uliniuliza, nikaogopa." Akitaka jibu, mpe ulilo nalo, hata kama ni fupi. Asipotaka, mshike mkono mlie wote. Mtoto wake alikuwa na jina. Anza kwa kumwuliza jina hilo.

Nisalimie shemeji na mapacha. Shangazi na kaka mkubwa wanakusalimu kwa mikono miwili. Mungu akutangulie kazini kesho, akupe maneno na akupe masikio.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka.